Je, wajua kwa nini uji mtamu humtoa jasho aliyepunguzwa tumbo?

Mgonjwa kwetu hupikiwa uji. Ndiyo maana shangazi yangu alipotimiza miezi mitatu tangu afanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito, nilimkorogea uji wa ulezi, nikatia maziwa na sukari ya kutosha, nikamjazia kikombe. Aliunywa wote. Haikupita nusu saa, jasho likamtoka juu ya mdomo, moyo ukamwenda mbio, tumbo likamnyonga, akaomba akalale. Nilidhani uji haukuiva. Uliiva vizuri. Nilichokosea ni kuamini kwamba chakula laini ndicho chakula salama.

Kosa hili tunalo wengi, na lina chanzo chake. Tunajua tumbo limekatwa, tunawaza kidonda, na kidonda hakitaki kukwaruzwa. Kwa wiki za mwanzo mawazo hayo ni sahihi: mgonjwa huanza na vitu vya majimaji, akaenda kwenye vilivyosagwa, kisha vilaini, hadi akafika chakula cha kawaida baada ya kama miezi miwili. Lakini kidonda kikishapona, ulaini mdomoni hautuambii tena jambo kubwa. La kuuliza ni hili: chakula kitakaa tumboni kwa muda gani, na kikishashuka kitafanya nini utumboni? Hapo yai la kuchemsha, ambalo ni gumu kuliko uji, linageuka kuwa pole kuliko uji.

Upasuaji wenyewe una aina kadhaa. Kuna wa kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, karibu robo tatu au zaidi, likabaki mfano wa bomba jembamba. Kuna na ule aliofanyiwa shangazi, ambao mwanzo wake ni kazi ya Edward Mason na Chikashi Ito, Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966: sehemu ya juu ya tumbo hutengwa ikawa kifuko kidogo, kikaungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Kifuko hicho huchukua kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula.

Sasa jiulize: kikombe kizima cha uji kiliingiaje kwenye vijiko viwili? Hakikukaa. Kilipita.

Tumbo zima lina mlango wake chini, msuli wa mviringo unaoruhusu chakula kidogo kidogo. Fikiria geti la kivuko cha Kigamboni. Watu wamejaa, lakini geti linafunguliwa kwa zamu, kivuko kinabeba kinachoweza. Kwenye upasuaji wa shangazi chakula hakipitii geti hilo kabisa. Uji mtamu unateremka wote kwa pamoja, na sukari yake yote.

Na sukari nyingi ikifika utumboni inavuta maji. Aliyewahi kutengeneza kachumbari ameliona jambo hili: nyunyizia chumvi vitunguu vilivyokatwa, viache kidogo, utakuta bakuli lina maji ambayo hukuyatia. Yametoka ndani ya vitunguu. Vivyo hivyo utumboni, maji hutoka kwenye damu na kupenya ukuta wa utumbo kuifuata sukari. Utumbo unavimba, ndipo tumbo linaponyonga. Damu inapungukiwa maji, ndipo moyo unapokimbia.

Wengine hupatwa tena baada ya saa moja hadi tatu. Sukari imeingia damuni kwa kishindo, kongosho limemwaga insulini kupita mahitaji, sukari inaporomoka, mtu anatetemeka na kuishiwa nguvu.

Si kila aliyepasuliwa hupatwa. Waliobakiziwa bomba bado wana geti lao, kwa hiyo kwao hutokea kwa nadra zaidi. Uji usiotiwa sukari nao ni afadhali, kwa sababu wanga huchukua muda kuvunjwa kuwa sukari. Ila unga wa kimea tayari una utamu wake. Mtaalamu wa lishe anayemfuatilia mgonjwa ndiye wa kupanga kiasi.

Asubuhi ya mtu huyu, basi, inaanza na protini: yai, mtindi usio na sukari, samaki aliyechambuliwa miiba, maharage yaliyopondwa. Mkate mweupe na maandazi ya moto vina tatizo lao jingine: vikitafunwa huwa donge linaloweza kukwama. Chai husubiri kama nusu saa baada ya kula, na isinywewe pamoja na vidonge vya madini ya chuma, kwani chai huzuia madini hayo kufyonzwa, na mwili uliofanyiwa upasuaji huu tayari huyapata kwa shida.

Juma lililofuata nilimchemshia shangazi yai. Alilitafuna taratibu, akaishia nusu. Nusu nyingine aliila saa nne, akiwa amekaa barazani, mkavu bila jasho.