Mwalimu yuko redioni, yuko na kwenye simu, sawa, ila nani anamsikiliza mtoto?

Kila shule zikikaribia kufungwa inboksi yangu inajaa swali lilelile. Mwalimu naomba aplikesheni nzuri ya mtoto wa la kwanza, mwalimu ninunue tableti gani, mwalimu kuna chaneli gani yutubu. Mimi nafundisha madarasa ya chini, awali mpaka la pili, hapa Kigoma mjini, na kwa kuwa siku hizi walimu wengi tumezoea kutupa kazi kwenye grupu la wasap la wazazi wakati wa likizo au mtoto akiumwa muda mrefu, naona bora niandike mara moja wote msome, maana kujibu mmoja mmoja nimechoka jamani.

Mazoea haya kwetu yalikolea mwaka 2020. Mnakumbuka tarehe 17 Machi shule zilifungwa kwa ajili ya korona, ikasemwa siku 30, zikaongezwa, watoto wa msingi wakaja kurudi darasani 29 Juni. Hapo katikati vipindi vikawa vinarushwa redioni na kwenye tivii, na Taasisi ya Elimu (TET) wana vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yao ambavyo unavisoma bila kulipa, ni bando lako tu. Kigoma enzi hizo umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya mafuta, kwa hiyo tivii ilikuwa bahati yako, aliyekuwa na redio ya betri ndiye aliyekuwa na uhakika. Sasa waliporudi, wale wa la sita na la saba unaona kabisa kuna kitu walishika, ila hawa wangu wadogo wengi walikuwa wamepoa kwenye kusoma, hata wale ambao kwao redio ilikuwa haikosi kuwashwa.

Sababu yake ni moja, redio inaongea lakini haisikii. Klipu nayo hivyohivyo. Mtoto mkubwa akikwama anajua mwenyewe kuwa amekwama, anarudia au anauliza, ila huyu wa miaka sita hajui. Anasoma "mama anapika" anasema "mama anapita", anafurahi, anaendelea zake. Darasani ningemsikia na ningemwambia rudi hapo, angalia vizuri hiyo silabi, na kusoma kunajengwa hapohapo kwenye kurudi. Kwenye simu hakuna wa kumrudisha. Kwa hiyo mzazi unayeuliza ununue nini, kabla hujatoa hela niambie kwanza nani hapo kwako atakaa amsikilize huyo mtoto kwa dakika kumi na tano kila siku.

Na sijasema umfundishe, kufundisha niachie mimi. Tena wengine mkianza kufundisha mnanivurugia, samahanini lakini ndivyo ilivyo. Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015 la kwanza na la pili tunaanzia kwenye sauti za herufi, hatuanzii kwenye majina yake. Unakuta mtoto nimemzoesha kwamba hii ni mmm, ukiiweka na a inakuwa ma, halafu nyumbani kaka mtu anamkaririsha "em, a", mtoto anajaribu kuunganisha anapata ema, analia. Kiswahili kwenye hili ni rahisi mno, irabu ni tano na kila moja ina sauti yake ileile popote utakapoikuta, mtoto akishashika ma me mi mo mu na wenzake ana funguo za karibu maneno yote. Kwa hiyo ukitaka kusaidia tamka sauti, usitamke jina la herufi, basi.

Halafu kuna jambo linawadanganya wazazi wengi, mtoto anayesoma kumbe amekariri. Anashika kitabu, anatiririka ukurasa mzima, unamrekodi unaweka stetasi. Zuia ile picha kwa kiganja halafu mwambie asome sentensi kuanzia neno la mwisho kurudi nyuma. Anayesoma atasoma polepole lakini atasoma. Aliyekariri atakuangalia usoni. Hakuna haja ya kumgombeza maana kukariri ni hatua, wengi wanaipitia, wewe mrudishe tu kwenye silabi na mwambie aweke kidole chini ya kila anachotamka.

Wengine wananiambia mwalimu mimi natoka alfajiri na mtoto anabaki na bibi yake, na bibi hajasoma. Bibi anatosha! Kuna mmoja wa Ujiji huwa namtolea mfano kila kikao cha wazazi. Yeye anachambua dagaa kwenye ungo, mjukuu yuko pembeni na kitabu, kazi ya bibi ni kusema soma nisikie. Mtoto akisoma sentensi bibi anauliza kwa Kiha, enhee, kwa hiyo huyo mtoto alienda wapi, na kwa nini. Kesho yake anamfungulisha ukurasa uleule, na kama ya leo haifanani na ya jana anamwambia wewe jana hukusema hivyo, angalia tena. Herufi hajui hata moja ila anamkamata mjukuu anayebuni kuliko nyie kina baba mliosoma. Na hicho Kiha msikiogope, mtoto akieleza hadithi kwa lugha ya nyumbani ndipo unajua ameelewa, Kiswahili kitakuja, na wale wanaotoka vijiji vya Kasulu na Buhigwe huko wakiwa hawana Kiswahili kabisa nao wanasoma vizuri tu wakipata mtu wa kuwasikiliza.

Na ukiwa mbali je? Wako kina mama wengi tu wapo Dar wanatafuta maisha na mtoto yupo huku kwa bibi. Hapo huhitaji simu janja. Kitochi kinatosha, nunua dakika, piga jioni, mwambie mtoto akusomee ukurasa mmoja, na wewe nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, najua. Akikwama hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujasema kitu, mara nyingi anajinasua mwenyewe. Ukiwahi kumtajia kila neno atajifunza kukusubiri. Ukiweza pata nakala ya kitabu kilekile ili na wewe ufuatilie, kama ni cha TET utakikuta humo kwenye Maktaba Mtandao.

Hesabu sina maneno mengi. Kuimba moja mpaka ishirini sio kuhesabu, wimbo huo hata wa miaka mitatu anauweza. Mwambie akuletee vizibo saba. Akileta saba, vichanganye, vitawanye sakafuni, umuulize sasa viko vingapi, akianza kuhesabu upya jua bado hajaelewa kwamba idadi haibadiliki kwa kuhamisha vitu, na hilo halitaki somo, linataka kurudiwa kwenye shughuli za kawaida, agawe sahani, apange nyanya mafungu ya nne nne mezani pa biashara yako. Akifika kumi na zaidi mpe vijiti afunge kumikumi. Kuandika nako, kama vidole bado vilegevu usimlazimishe penseli, mpe mahindi apukuchue, akande unga, achore herufi kubwakubwa mchangani, vidole vikikaza penseli ataishika bila ugomvi.

Muda sasa, maana kuna mzazi alimkalisha mtoto kuanzia saa mbili mpaka saa sita "kama shule". Darasani kwenyewe kipindi cha la kwanza ni dakika 30 na humo ndani tumeimba, tumesimama, tumetoka nje kutafuta mawe. Nyumbani dakika kumi na tano asubuhi akiwa hajachoka, nyingine jioni, zinatosha kabisa. Na hizo katuni za kufundisha sizikatai, zipo za Kiswahili nzuri tu, ila kumbukeni Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku kwenye skrini, na wa chini ya mwaka asiwekewe kabisa. Mkiangalia, angalieni pamoja na mwulize maswali, maana ukimwachia simu ili upike hapo umepata nafasi ya kupika, usiseme alikuwa anasoma.

Mtoto akiwa anaweka kitabu karibu na pua, au kila ukimuita anataka urudie, mpeleke hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu wamwangalie macho na masikio kabla hujamwita mvivu.

Mwisho nije kwenye zile picha mnazonitumia grupuni. Daftari safi, mistari imenyooka, mwandiko wa darasa la sita. Dada yake kaandika, tunajua, mnatuchukuliaje sisi walimu? Mnitumie voisi ya dakika moja mtoto akisoma, na makosa yake yote, na kelele za kuku, bila kumnong'oneza pembeni. Kwenye hiyo nasikia kama anachanganya l na r, kama silabi za nda na mba zimemshinda, kama anabuni, na najua wiki ijayo nimpe kazi gani. Haili bando kama video, na asiye na simu janja anipigie tu baada ya saa kumi jioni mtoto asome nimsikilize.