Mtoto wa mbwa amefika nyumbani: achanjwe nini, na lini?

Aliyeniuzia anasema ameshachanjwa. Nimwamini?

Mwombe kadi. Huku kwetu mtoto wa mbwa hushuka kwenye gari la Tukuyu akiwa ndani ya boksi la sabuni, na neno la muuzaji ndiyo kadi yenyewe. Ukiuliza vizuri utagundua kwamba "amechanjwa" maana yake alipewa dawa ya minyoo. Kadi ya kweli ina tarehe, jina la chanjo, sahihi ya aliyechoma, na kilebo kilichobanduliwa kwenye chupa kikabandikwa pale, chenye namba ya toleo. Ukiambiwa "kadi iko nyumbani, nitakutumia picha WhatsApp", mhesabu kijibwa wako kuwa hajapata kitu. Kuanza upya hakumdhuru.

Ana wiki saba. Aanze na ipi?

Chanjo ya mchanganyiko. Inakinga pavo (kutapika na kuharisha damu), distempa (hushambulia mapafu na mishipa ya fahamu) na homa ya ini ya mbwa, na nyingine zimeongezwa kinga ya homa ya mgunda, ile iliyozua taharuki Lindi mwaka 2022. Mgunda huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwa mbele, na mbwa anaweza kuuleta hadi kwa binadamu. Nyumba yenye stoo ya mahindi haikosi panya, kwa hiyo mimi nisingeiacha.

Angalia inavyoandaliwa. Kwa kawaida huwa vichupa viwili: kimoja kina unga mkavu ulioganda chini, kingine maji. Vinachanganywa mbele yako na sindano inachomwa muda huohuo. Chanjo hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, kwa hiyo mtaalamu anayekufuata nyumbani aje na kibebeo chenye barafu. Akiitoa mfukoni mwa koti, mshukuru kwa safari, halafu usichanje. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba si friji.

Mbona naambiwa nirudi tena na tena? Sindano moja haitoshi?

Haitoshi, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza mbwa. Mfugaji wa ng'ombe ataelewa haraka: ndama asiyepata dang'a ana hali ngumu. Mtoto wa mbwa naye hupata kinga ya mama yake kwenye maziwa ya mwanzo. Kinga hiyo inamlinda, lakini pia inaizima chanjo, kwa sababu haitofautishi kirusi cha ugonjwa na kirusi kilichodhoofishwa cha kwenye sindano. Ikiwa bado ina nguvu, chanjo inaingia na kupotea bure.

Shida ni kwamba kinga hiyo ya mama inaisha kwa wakati tofauti kwa kila mtoto, hata wa tumbo moja. Mmoja imemwishia wiki ya 8, mwenzake inafika wiki ya 14. Hatuna namna ya kujua kwa kumtazama, ndiyo maana tunarudia: anaanza wiki ya 6 hadi 8, kisha kila baada ya wiki 3 au 4, mpaka afikishe wiki ya 16 au zaidi. Sindano ya mwisho ndiyo yenye uhakika kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka, kwa sababu wakati huo kijibwa ameshanenepa na anabweka wageni. Baada ya hapo anarudia akitimiza mwaka, kisha kwa ratiba atakayokupa daktari wa mifugo.

Na kichaa cha mbwa?

Akifikisha miezi 3, na tena baada ya mwaka. Karibu vifo vyote vya binadamu vya kichaa, hadi 99 kati ya 100, vinatokana na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Mtu akiumwa na mbwa: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Pesa yangu inatosha chanjo moja tu.

Basi kichaa, kwa sababu kinaua watoto wako na wa jirani. Lakini kabla hujalipa, muulize ofisa mifugo wa kata kama kuna kampeni karibuni. Mara nyingi hufanyika kuzunguka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ukiipata huko, pesa yako ibaki kwa pavo. Kutibu pavo, dripu siku kadhaa na matapishi yasiyoisha, ni ghali kuliko sindano zake zote, na bado anaweza kufa.

Atoke nje lini?

Wiki mbili hivi baada ya sindano ya mwisho. Kirusi cha pavo hukaa kwenye udongo mwaka na zaidi, na baridi ya Makete haikiui, inakihifadhi. Kama kuna kijibwa aliyefia uani kwako kwa kuharisha damu, usilete mwingine haraka. Sakafu ya saruji osha kwanza kwa sabuni, kisha jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 30. Lakini usimfungie ndani kabisa: mbebe mikononi aone watu, bodaboda na kuku.

Minyoo je?

Mapema kuliko unavyodhani, wiki ya 2, kisha kila wiki mbili mpaka afike miezi 3, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Mama yake anywe pia. Mpime uzito kwenye mizani ya dukani, usikisie. Okota kinyesi kila siku: mayai ya minyoo yakikaa udongoni wiki kadhaa yanakomaa, na wanaoyameza ni watoto wanaocheza chini.

Dawa ya kupe ya ng'ombe inafaa?

Usijaribu kwa mtoto wa mbwa. Kipimo cha ng'ombe wa kilo 300 hakigawanyiki kwa macho kwa kiumbe wa kilo 3, na sindano ya ivamektini ya ng'ombe imeshaua mbwa wengi, hasa wa jamii ya kolie, mbwa wa kuchunga kondoo. Nenda naye duka la dawa za mifugo, na usome lebo: dawa nyingi zimeandikwa umri wa chini.