Kushonwa Mtwara hakutoshi: dhana potofu kuhusu uasili wa nguo na viatu

Wiki iliyopita niliisikia tena ile hoja kwamba kilichoshonwa hapa ni cha Tanzania, safari hii hata chai sijaimaliza. Mama mmoja mwenye karakana ya ushonaji Ligula aliingia ofisini na mfuko mkononi, akatoa ovaroli ya bluu, akaitandaza juu ya makaratasi yangu.

"Mwanangu, tazama mwenyewe. Nimekata mimi, wameshona mabinti zangu, cherehani zangu, umeme nanunua mimi. Hii kama si ya Tanzania, ni ya wapi?"

Alikuwa na oda ya ovaroli 300 kwenda Pemba, ile ya Msumbiji. Mnunuzi amemwambia aje na cheti cha uasili cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, yaani karatasi ya kuthibitisha kuwa bidhaa imetengenezwa ndani ya nchi hizo, ili mzigo usitozwe ushuru wa forodha. Nikamuuliza kitambaa kanunua wapi. Kariakoo. Nikachukua ovaroli, nikautoa mfuko wa suruali nje. Fundi, kwa kubana matumizi, alikuwa ametumia ukingo wa jora kutengenezea mfuko, na kwenye ule ukingo zimepangana herufi za Kichina, nyeupe, zinasomeka vizuri kabisa. Sikusema kitu, nilimwonyesha tu.

Nina miaka 14 kwenye uwakala wa forodha hapa Mtwara, na hakuna sentensi inayonichosha kama hii.

"Nimeshona mwenyewe hapa, basi ni bidhaa ya Tanzania"

Forodha haina haja na jasho lako. Inachouliza ni kwamba bidhaa imepita hatua zipi ndani ya eneo la mkataba, na kila mkataba una hesabu yake. Hapo ndipo watu wanapopotea: wanadhani uasili ni kama uraia, ukishakuwa nao unatembea nao kokote. Sivyo. Nguo inaweza kuwa ya Tanzania mbele ya nchi moja na ikawa ngeni mbele ya nyingine siku hiyohiyo.

Kwa SADC, kanuni ya nguo inataka utengenezaji uanzie kwenye uzi. Maana yake hatua mbili: uzi ufumwe uwe kitambaa, kisha kitambaa kishonwe kiwe nguo, na hatua zote mbili zifanyike ndani ya nchi wanachama. Ukinunua jora lililofumwa China ukakata na kushona, umefanya hatua moja. Ungeajiri mafundi 200 na kuwalipa vizuri, bado ni moja.

Wapo pia wanaojitesa upande wa pili. Kijana mmoja wa Masasi alikuwa anatafuta pamba ya Shinyanga kwa udi na uvumba, kwa sababu kaambiwa nguo ya SADC lazima ianzie shambani. Kanuni haisemi hivyo. Uzi unaweza kutoka India, ufumaji na ushonaji ukafanyika huku, na nguo ikapita. Kinachoangaliwa ni kitambaa kimefumwa wapi. Kikifumwa nchi nyingine mwanachama, tuseme Mauritius au Afrika Kusini, nacho kinahesabiwa kana kwamba kimefumwa kwetu, ilimradi una karatasi za kuthibitisha. Kikifumwa Kenya, hapana. Kenya ni jirani yetu na tuko nayo Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini SADC haimo, kwa hiyo kitambaa chake ukikishona ukavuka nacho mto Ruvuma hakina tofauti na cha Guangzhou.

Waliotunga kanuni hii walitaka kulinda viwanda vya kufuma vya kanda. Ni kanuni kali kwa mshonaji mdogo, na mimi naiona haimtendei haki mtu wa Lindi ambaye kiwanda cha kufuma hana hata cha kukisikia kwa mbali. Lakini afisa wa mpakani Mtambaswala hakuitunga yeye, na kumfokea dirishani hakuibadilishi. Zamani kulikuwa na mlango wa nyuma: Malawi, Msumbiji, Tanzania na Zambia ziliruhusiwa kwa muda kuuza Afrika Kusini na wenzake wa umoja wao wa forodha nguo za hatua moja, kwa mgao maalumu. Mlango ule umeshafungwa, lakini bado napata wateja wanaoniambia "mbona shemeji yangu alipitisha?" Shemeji yako alipitisha enzi hizo.

Sasa ichukue ovaroli ileile ya mama, yenye herufi zilezile za Kichina mfukoni, ipeleke Hamburg. Inapita bila ushuru. Tanzania imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, na kwa kundi hilo Umoja wa Ulaya tangu Januari 2011 unakubali hatua moja tu: kitambaa kitoke popote, kishonwe huku, inatosha. Vifungo na zipu havikusumbui hata kidogo. Na si unafuu wa kubeza, kwa sababu nguo nyingi zisizo na uasili hutozwa asilimia 12 zikiingia Ulaya. Kwa hiyo ovaroli ya Ligula ni Mtanzania ikifika Ujerumani na ni mgeni ikivuka mto tu kuingia Msumbiji. Mama aliposikia hivyo alicheka mpaka akashika kiti. Mimi nimeshaacha kucheka.

Ushauri wangu ni uleule ambao wateja wangu wameukariri kama shairi: anza na mnunuzi, ndipo urudi kwenye jora. Kabla hujalipia kitambaa, jua mzigo unaenda nchi gani, chini ya mkataba upi, na kwa namba gani ya HS, ile ya kimataifa inayotambulisha aina ya bidhaa. Muulize muuza kitambaa kimefumwa wapi, akuandikie kwenye risiti. Risiti hiyo usiitie kwenye droo ya sindano. Itie kwenye faili la oda hiyo, pamoja na oda yenyewe na hesabu ya mita zilizoingia na nguo zilizotoka. Ukiniletea mzigo uliokwisha kushonwa ndipo uniulize kuhusu uasili, unaniomba nitabiri mambo yaliyokwisha kutokea.

"Bila cheti cha uasili mzigo hautoki"

Unatoka. Cheti ni cha kuombea unafuu wa ushuru, si kibali cha kuuza nje. Ovaroli za yule mama zilikwenda Pemba kwa tamko la kawaida, mnunuzi akalipa ushuru wa asilimia 20, wakapunguziana kidogo kwenye bei. Nawajua watu walioacha oda nzuri kwa kudhani hawana ruhusa.

"Nina cheti cha Afrika Mashariki, nitavuka nacho Kilambo"

Utavuka nacho mpaka huo, lakini hakitakusaidia kitu. Msumbiji haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na ile fomu rahisi ya mizigo isiyozidi dola 2,000, ambayo kila mtu ameisikia kwenye semina, ni ya biashara ndani ya Jumuiya hiyo na kwa bidhaa zilizoorodheshwa. Siku moja nilimkuta mtu ameijaza vizuri sana, mwandiko wa kupendeza, mzigo wa makobazi uko njiani kwenda Msumbiji.

"Viatu ni kama nguo tu"

Hapa nitasimama kidogo, maana vijana wa viatu wanaongezeka na hakuna anayewaambia. Kanuni ya viatu ni tofauti na ya nguo. Kwa Ulaya unaweza kuagiza malighafi karibu zote: ngozi, soli, gundi, hata sehemu ya juu ya kiatu ikiwa peke yake. Kilichokatazwa ni kuagiza sehemu ya juu iliyokwisha kuunganishwa na soli ya ndani au kipande kingine chochote cha soli. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini ndiyo inayoamua kila kitu. Yupo mmoja aliyeagiza makasha ya "viatu nusu" kwa sababu ni rahisi kazi: unabandika soli ya nje, unasubiri gundi ikauke, unapanga kwenye boksi. Gundi kweli ilikauka, ila uasili haukupatikana. Angeagiza vipande hivyohivyo vikiwa havijaunganishwa, angepita. Viatu vyenye sehemu ya juu ya ngozi hutozwa Ulaya takriban asilimia 8, na vingi vya mpira na plastiki asilimia 17, basi piga hesabu mwenyewe kile kipande kilichounganishwa kilimgharimu kiasi gani.

Wenye katambuga za tairi msiwe na wasiwasi mkubwa. Tairi lililochakaa likakusanywa hapa, lisilofaa tena ila kurudishwa kuwa malighafi, huhesabiwa kuwa limepatikana hapa, hata kama lilizaliwa Japani. Huwa naifurahia sana kanuni hii.

"Marekani wanakubali kitambaa chochote"

Chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, nchi kama yetu iliruhusiwa kushona nguo kwa kitambaa cha nje, na ndiyo sababu watu wa fulana waliipenda, maana fulana ya pamba bila unafuu hutozwa asilimia 16.5. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa ya nguo. Viatu vilipimwa kwa thamani: malighafi za huku pamoja na gharama za kazi zifike asilimia 35. Tena kipindi kilichoongezwa mwaka 2015 kilifika ukomo tarehe 30 Septemba 2025. Ukipata oda ya Marekani, ulizia hali ya siku hiyo, usiniletee habari za mwaka juzi.

"Muhuri ukishagongwa mambo yamekwisha"

Ndiyo kwanza yameanza. Forodha ya nchi inayopokea inaweza kurudi nyuma na kuomba uthibitisho, mzigo ukiwa umeshauzwa na kuvaliwa. Kwa Ulaya siku hizi hakuna hata muhuri: unasajiliwa kwenye REX, mfumo wa Ulaya wa kuwaandikisha wauzaji nje, unaandika tamko la uasili mwenyewe kwenye ankara, na mzigo usiozidi yuro 6,000 hauhitaji hata usajili. Watu husikia hivyo wakapumua. Wangetetemeka kidogo, kwa sababu aliyeandika tamko ndiye mwenye kulijibia, na kumbukumbu zinatakiwa zitunzwe angalau miaka 3 kuanzia mwisho wa mwaka ulioandika. Likitokea la kutokea, mnunuzi atadaiwa ushuru, kisha atakutafuta wewe. Ndipo tunarudi kwenye ile risiti ya jora.

"Nikiweka lebo ya Tanzania inatosha"

Juzi kijana wa Mikindani ameniletea shati za tayari alizonunua kwa bei ya jumla. Mpango wake ni kuzipiga pasi, kuzifunga kwenye nailoni mpya na kuzishonea lebo nzuri yenye twiga. Nikamfungulia orodha ya Ulaya ya kazi zisizohesabika, zile ambazo hata uzifanye kwa ustadi gani hazikupi uasili. Kufungasha kumo. Kubandika alama kumo. Kupiga pasi nguo kumo, kumetajwa kwa jina lake.

Akakaa kimya, akaisoma orodha mara mbili kwa kidole.

"Na nikizifua kwanza, kaka?"

Kufua nako kumo.