Bunduki "orijino" na bunduki iliyokarabatiwa: acheni kulipia kutu

"Afande, nitafutie orijino, sitaki hizi za kufufuliwa." Wakurugenzi wa kampuni za ulinzi husema hivyo, na wenye mashamba wenye vibali vyao husema hivyo pia. Kazi yangu ni fundi silaha tangu nikiwa jeshini, na hakuna dhana inayonikera kama hii, kwa sababu inawafanya watu walipe zaidi wapate kilicho kibovu zaidi.

Chukua Mark 4, yaani Lee-Enfield No. 4, ambayo walinzi wetu wengi wanaijua. Zilitengenezwa milioni kadhaa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa haraka ya vita. Vita vilipokwisha, Waingereza walizirudisha nyingi viwandani, hasa Fazakerley huko Liverpool. Zikafunguliwa zote, vipande vikapimwa kwa geji, mitutu iliyochakaa ikabadilishwa, mbao zilizolegea zikatupwa, chuma kikapakwa upya. Nyingine zilibadilishwa hata namna triga inavyoshikiliwa. Ndizo Mk 1/2 na Mk 1/3. Ubavuni zikaandikwa FTR (Factory Thorough Repair), yaani ukarabati kamili wa kiwandani. Hiyo ndiyo mnayoiita ya kufufuliwa! Ile "orijino" mnayoililia imepita mikono mingi, ikalala kwenye ghala lenye unyevu, na hakuna aliyeipima tangu ilipotoka kiwandani.

Sikatai kwamba uasili una thamani. Makumbusho, au mkusanyaji anayetafuta alama za 1942 zisizoguswa, ana haki ya kulipia. Lakini mlinzi wa lango la benki anahitaji bunduki itakayopiga bila kumdhuru, na hilo linaamuliwa na nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti, yaani chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, na kitako cha ganda. Nafasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka na gesi ya moto ikamrudia mpigaji usoni. Mark 4 ina vichwa vya bolti vya namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia, ili fundi aweze kurekebisha nafasi hiyo. Mtu akichomeka bolti ya bunduki nyingine bila kupima, hesabu yote imeharibika, hata kama mbao na chuma ni vya asili kabisa. Msitoe shilingi hata moja kabla geji haijaingia ndani ya chemba, pale risasi inapokaa. Muuzaji akikataa bunduki yake ipimwe, ondokeni.

Swali la maana ni nani aliyeikarabati. Ukarabati wa kiwanda cha jeshi una alama na utaratibu. Ukarabati wa kibandani ni msasa na rangi nyeusi, na mara nyingi msasa huo umepita juu ya namba. Bunduki iliyofutwa namba msiiguse. Hiyo ni kesi inayosubiri mwenyewe.

Dhana nyingine: namba za vipande zikilingana, bunduki haijaguswa. Si kweli. Baada ya 1945 Wasovieti walizifungua K98k, bunduki za jeshi la Ujerumani walizozinyakua vitani, wakachanganya vipande, kisha wakachora namba ya bunduki kwenye bolti kwa kalamu ya umeme. Kwa hiyo namba zinalingana kwa sababu zimelinganishwa. Tazameni mwandiko: namba iliyogongwa ina kina, iliyochorwa ni nyembamba kama mkwaruzo wa kucha.

Mtutu unaong'aa ndani nao si lazima uwe mzima. Fimbo ya kusafishia ikitumiwa vibaya hula mdomoni ile mifereji ya ndani inayozungusha risasi, na mng'ao unabaki pale pale huku risasi zikitawanyika. Mtutu wenye giza kidogo unaweza kulenga vizuri kuliko huo.

Wanaosema .303, risasi ya Mark 4, na 7.62 zinaingiliana wanahatarisha maisha ya watu. Kiwanda cha Ishapore, India, kilitengeneza miaka ya 1960 bunduki inayofanana sana na Lee-Enfield ya zamani, lakini inatumia 7.62 ya NATO. Na 7.62 yenyewe si moja: ya NATO, ya AK na ya Mosin, bunduki ya zamani ya Kirusi, ni risasi tatu tofauti. Someni alama, msinunue kwa sura.

Wanaopiga risasi kuukuu za Kisovieti hudhani mafuta yanatosha kusafishia. Fataki, yaani viwashio vya kitakoni, za risasi nyingi za aina hiyo huacha chumvi, na mafuta hayayeyushi chumvi. Pitisheni maji yaliyochemka mtutuni siku hiyo hiyo, kausheni, ndipo mpake mafuta. Kwa unyevu wetu wa Entebbe na Jinja, mkingoja kesho mtakuta kutu.

Mwisho, "bunduki ya babu haihitaji kibali." Maadamu inafyatua, inahitaji, Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 hapa Uganda inataka cheti kabla hujanunua. Tena mwaka 2018 Rais Museveni aliagiza bunduki zote zichukuliwe alama zinazoachwa kwenye risasi na maganda. Mtutu au bolti ikibadilishwa, alama hizo zinabadilika, kwa hiyo pelekeni taarifa polisi kabla fundi hajafungua skrubu ya kwanza.