Kamati ya wadi haijakula pesa ya mafuriko, haijawahi hata kuishika

Imesemwa tena. Kwa baraza, kwa WhatsApp ya wadi, hadi kwa matanga: "Benki ya Dunia ilituma pesa ya mafuriko, kamati ikakula." Jameni nimechoka. Kazi yangu ni kukaa na hizi kamati za wadi za tabianchi huku Nyando na Nyakach, kaunti ya Kisumu, kuwasaidia kuandika mapendekezo ya miradi, na sijasema wezi hakuna, wako, lakini mnawatafuta kwa boma isiyo yao.

Fuateni shilingi yenyewe. Hiyo pesa mnayosema ni ya FLLoCA, mpango wa kusaidia kaunti na wadi kujiandaa na mabadiliko ya tabianchi. Inatoka Benki ya Dunia na wafadhili wengine kama KfW, benki ya maendeleo ya Ujerumani, inaingia Hazina ya Kitaifa. Haitoki hapo mpaka wabunge na maseneta wapitishe sheria ya mgao wa ziada kwa kaunti, na hao wakikosana, na hukosana, pesa inangoja. Ikifika kaunti, Msimamizi wa Bajeti lazima aidhinishe ndio itolewe. Halafu idara inatangaza tenda, kontrakta anashinda, anajenga, kazi inakaguliwa, analipwa. Sasa nionyesheni hapo katikati yule mama wa kamati ameshika nini. Hana akaunti, hana cheki, hatii sahihi benki. Yeye aliketi na nyinyi akauliza maji huingilia wapi, nani huumia kwanza, mradi gani utangulie, na baadaye anafaa aangalie kama kilichojengwa ndicho kilichoandikwa. Kumlaumu yeye ni kama kulaumu kwaya juu stima imepotea kanisani.

Granti za kulipwa kikundi moja kwa moja ziko, mfano ule mpango wa granti ndogo za GEF (mfuko wa mazingira wa dunia) unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na hapo ndio cheti cha usajili, akaunti na katiba ya kikundi zina maana. Hiyo ni mambo mengine kabisa. Kusajili kikundi leo ukingoje FLLoCA ikutumie kwa akaunti, utangoja sana.

Sasa yenye hunikasirisha zaidi. Watu wanaweka kila kitu kwa neno moja, "pesa ya mafuriko", halafu proposali inaletwa kwangu ikiwa na picha za nyumba zimezama, mtoto amebebwa mgongoni, ng'ombe wamekufa, kurasa nne za huzuni na nusu ukurasa wa kazi itakayofanywa. Pesa ya kujiandaa, kama hii ya FLLoCA, haiangalii machozi. Inauliza maji yakija tena mtakuwa mmebadilisha nini: kalavati ya ukubwa gani, kwa shamba la nani, huyo mwenye shamba amekubali kwa maandishi ama kwa mdomo tu (kwa mdomo, siku zote ni kwa mdomo, na mradi unakufa hapo), nani atazibua mtaro kontrakta akishaenda.

Pesa ya kuokoa watu ni mfuko mwingine. Kaunti inaweza kuwa na hazina ya dharura chini ya ile sheria ya fedha za umma ya 2012, na iko na kikomo, isizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Maji yalipoua watu Mai Mahiu Aprili 29, 2024, nilisikia watu wakiuliza FLLoCA iko wapi, kwani haikuundwa ya mablanketi na mahema. Halafu kuna pesa ya Msalaba Mwekundu yenye hutoka kabla maji hayajafika, utabiri ukigonga kiwango kilichokubaliwa watu wanasaidiwa mapema, na kwangu mimi hiyo ndio akili zaidi kuliko zote lakini ni ndogo na haifiki kila mahali.

Na kujenga upya? Hapo kusema ukweli ni shimo. Nyumba yako ya udongo ikianguka, choo kikizama, mpunga wa Ahero ukienda, hakuna mfuko naweza kukuonyesha kwa kidole. Ule mfuko wa dunia wa hasara na uharibifu ulikubaliwa kwa mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, Sharm el-Sheikh 2022, na mlango wa maombi ya kwanza ukafunguliwa mwisho wa 2025 na dola milioni 250, hiyo ni ya nchi zote zinazoendelea zigawane. Usingoje ijenge choo chako.

Kuna mambo mimi mwenyewe sijaridhika nayo. Mvua ya masika inakuja Machi hadi Mei, mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na pesa ikichelewa huko juu inashuka wakati kila mtu anakimbia kuitumia kabla vitabu vifungwe. Unadhani watachagua nini? Kisima. Tangi. Kitu cha kusimama haraka na kupigwa picha. Kaunti pia hupimwa kila mwaka kabla ipewe pesa ingine ya FLLoCA, na nashuku hicho kipimo kinapenda saruji kuliko mti uliopandwa mlimani. Afadhali lakini kaunti inalazimika kuweka yake pia, angalau asilimia 1.5 ya bajeti ya maendeleo, hata kama kuweka kwa karatasi na kutoa ni vitu viwili.

Kubwa zaidi ni mto wenyewe. Mto Nyando hauanzii huku kwetu tambarare ya Kano, unaanzia milima ya Nandi na Kericho, udongo unashuka kutoka huko unajaza mtaro wetu msimu mmoja tu. Wadi inaweza kuchimba mpaka ichoke. Mpango wote umejengwa juu ya wadi na maji hayajui mpaka wa wadi, hayajui hata wa kaunti. Sina jibu la hiyo na sijakutana na mtu mwenye nalo.

Kwa hivyo ukishuku wizi, wacha mama wa kamati alale. Nenda kwa msimamizi wa wadi uitishe orodha ya miradi iliyopita, bei ya tenda, jina la kontrakta, na ile BQ, orodha ya vifaa na kazi, yenye inaonyesha mifuko ya saruji na urefu wa mtaro, halafu beba futi ukapime. Wakikuzungusha, andika barua, sheria ya 2016 ya kupata habari inawapa siku 21 wakujibu. Barua iwe na stempu ya kupokelewa, bila hiyo watasema hawajaiona.

Na kama shida yako ni mradi wenu haukuchaguliwa, mpango wa maendeleo wa mwaka lazima uwe umefika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Wale wenye hukuja Oktoba na picha za huzuni, nawapenda, lakini mje Julai.