Nani angeona aibu kulibeba? Jinsi jalada la jarida la muziki linavyochagua wasomaji wake

Kabla jalada halijapelekwa kwa mchapaji, mimi msanifu wake hulilaza sakafuni, nikalifunika jina la jarida kwa kipande cha karatasi nyeupe, kisha nikarudi nyuma hatua nne. Kutoka pale maneno madogo hayasomeki, na uso wa msanii umebaki mdogo kama kiganja cha mtoto. Hapo ndipo ninapojiuliza: nani angeona aibu kuonekana na kitu hiki mkononi? Nikikosa jibu, jalada linarudi mezani, picha iwe nzuri kiasi gani.

Wahariri ninaofanya nao kazi kwa mara ya kwanza huliona swali hilo kama mzaha. Wao huja na lao: "Toleo hili tumweke nani?" Ni swali halali, ila si la kwanza. Msanii yuleyule anaweza kutokea kwenye majalada matatu ya mwezi mmoja akauza moja tu, maana mnunuzi hamtazami msanii peke yake. Anajitazama yeye mwenyewe akiwa amelibeba. Jarida la muziki lina tabia ya fulana ya bendi: mtu huliacha mezani wageni walione, hulikunja likachungulia mfukoni, hung'oa kurasa zake akazibandika ukutani. Kwa hiyo jalada linamwambia mmoja "hili lako", na papo hapo linamwambia aliyesimama ubavuni mwake "wewe pita". Kazi ya kwanza kila mhariri anaijua. Ya pili wanaiogopa kwa kudhani ni kupoteza wateja, na ndiyo maana kuna majalada mengi yasiyo na ladha.

Tumchukue mpiga gitaa mmoja wa roki, miaka hamsini na kitu, ana albamu mpya. Tumgawe kwa majarida mawili.

Kwenye la kwanza, wasomaji wake ni vijana wa shule wanaopenda muziki wa kelele. Nitamkamata jukwaani, shingo imepinda, mdomo wazi, jasho linaruka, na shingo ya gitaa imekatwa na ukingo wa karatasi kana kwamba inataka kutoka. Nyeusi, nyekundu, manjano. Pembeni yake nabandika picha ndogo nne au tano za bendi nyingine, alama za mshangao, na ahadi ya mabango ya ukutani ndani ya toleo. Karatasi isipumue. Mtu mzima akiliona jalada hilo anahisi kichwa kinamuuma, na hivyo ndivyo ninavyotaka ahisi. Kijana anayelinunua anafurahi zaidi akijua baba yake hawezi kulivumilia.

Kwenye la pili, wasomaji ni watu waliokuwa vijana mpiga gitaa huyo alipokuwa kijana. Nitamkalisha. Koti jeusi, nyuma yake kijivu kitupu, mwanga unatoka upande mmoja na kuichonga mikunjo ya uso. Mikunjo hiyo siifuti. Nimewahi kuombwa na meneja niifute nikakataa, kwa sababu mnunuzi wa jarida lile anayo pia, na anataka kuiona imeheshimiwa. Herufi zina vimikia kwenye ncha kama za vitabu. Kichwa cha habari kinataja jina lake, na chini yake mwaka wa albamu ya zamani, wala si jina la albamu mpya. Albamu mpya itatajwa ndani.

Majarida halisi yanafuata njia hizo mbili. Kerrang! lilizaliwa Uingereza Juni 1981 kama nyongeza ya gazeti la muziki la Sounds, likamweka mbele Angus Young, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya AC/DC. Jina lenyewe ni mlio wa gitaa la umeme likipigwa kwa nguvu, na herufi zake zinaonekana kama kioo kilichopasuka. Huhitaji kusoma neno jingine lolote. Mojo, la Uingereza pia, lilipoanza mwaka 1993 liliwaweka Bob Dylan na John Lennon wa Beatles, waimbaji waliotamba miaka ya sitini. Lennon alikuwa amekufa karibu miaka 13. Jarida jipya linamweka marehemu kwenye toleo lake la kwanza, na mwenye kulielewa tangazo hilo alielewa mara moja: hapa hatukimbizani na wimbo wa wiki hii.

Sasa macho, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Gunther Kress na Theo van Leeuwen, wataalamu waliozichambua picha kama watu wanavyochambua sarufi, walitofautisha picha ambayo mtu ndani yake anakutazama na ile anayotazama kwingine. Ya kwanza inakudai kitu. Ya pili inajitoa ili uiangalie kwa utulivu. Studioni unaliona jambo hilo kwa macho yako. Namwomba msanii atazame katikati ya lenzi, kisha atazame bega langu la kushoto. Ni sekunde mbili na kichwa hakijasogea, lakini picha ya pili inafaa kuuzwa kwa mtu mwingine kabisa.

Jarida la pop la vijana karibu siku zote linataka macho ya moja kwa moja, kamera ikiwa sawasawa na uso, karibu, na tabasamu. Msanii anakuwa rafiki aliyekaa kiti cha pili. Smash Hits, lililotoka kuanzia 1978 hadi 2006, lilijengwa juu ya ukaribu huo: ndani lilichapisha maneno ya nyimbo ili msomaji aimbe, na jalada lake likafuata mkondo huohuo wa "njoo tucheze". Hip hop hutumia macho yaleyale lakini hushusha kamera. Ukipiga picha kutoka usawa wa kifua, msanii anakutazama kwa chini kidogo, kidevu kimeinuka, na tabasamu linaondoka. Msomaji wa jarida hilo hatafuti rafiki. Anatafuta mtu ambaye angependa kuwa kama yeye akiingia chumbani. Jazi na muziki wa okestra huruhusu macho yafungwe kabisa, mikono ikiwa juu ya chombo, kwa sababu pale anayeabudiwa ni sauti, na mpigaji naye anaisikiliza pamoja na wewe.

Niliwahi kuteleza vibaya hapo. Jarida moja la muziki mzito lilinipa picha za mpiga ngoma, na katika zote mia moja na ushee moja ilikuwa ya ajabu: amecheka hadi macho yamefumba, nyuma yake ukuta wa manjano, jua limempiga usoni. Nilipigania picha hiyo kama mwanangu. Ikapita. Toleo lilirudi kwa mafungu, na barua moja ya msomaji ikasema alidhani ni tangazo la daktari wa meno. Picha haikuwa na kosa. Niliipeleka nyumba isiyo yake.

Wahenga wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye rafu ya majarida hata kizuri hujitembeza, na ni vyema kijue kinatembea mtaa gani.

Maneno ya jalada yana mtindo wake wa kuchuja watu. Kwa vijana: maswali, tarakimu, siri, "bure". Kwa watu wa makamo: majina matupu yaliyopangwa kama orodha ya wageni wa harusi, bila maelezo, kwa sababu kumweleza msomaji kwamba fulani alikuwa mpiga besi wa bendi fulani ni kumtukana. Kwa mafundi wa vyombo: majina ya vipaza sauti na namba za modeli ambazo mtu wa kawaida atadhani ni vipuri vya gari. Kila neno usilolielewa ni mlango uliofungwa kwa makusudi, na aliye ndani anafurahia kuusikia ukifungwa.

Kuna wakati maneno yanaondolewa yote. Jarida la Marekani la Rolling Stone la tarehe 22 Januari 1981 lilikuwa na jina la jarida, tarehe, na picha. Annie Leibovitz aliipiga tarehe 8 Desemba 1980, saa chache kabla Lennon hajauawa: Lennon hana nguo, amejikunja akimng'ang'ania mkewe Yoko Ono, ambaye amevaa zake kamili na anatazama kando. Wasanifu wachanga huniletea majalada yasiyo na maneno wakiitaja hiyo kama kinga yao. Huwauliza, msomaji wako anakuja na nini kichwani? Mwaka ule kila mtu alifika mbele ya rafu akiwa na kichwa cha habari tayari moyoni. Ukilinyamazisha jalada la msanii ambaye hakuna aliyemsikia, umeuza karatasi.

Ushahidi mkali zaidi wa nguvu ya jalada ninaoujua hauhusu mwanamuziki. Mwaka 2013 Rolling Stone lilimweka Dzhokhar Tsarnaev, mmoja wa ndugu wawili waliolipua mabomu kwenye mbio za marathoni za Boston. Picha aliipiga mwenyewe: nywele za mawimbi, macho laini, anakutazama. Maduka makubwa kadhaa ya Marekani yalikataa kuliuza toleo hilo. Cha kushangaza, picha hiyohiyo ilikuwa imeshatoka ukurasa wa mbele wa New York Times miezi michache kabla, na hapakuwa na vurugu ya namna ile. Na maneno ya jalada yalimwita zimwi waziwazi. Hayakufua dafu. Fremu ile, kwa zaidi ya miaka 40, ilikuwa imewazoesha watu kwamba anayekaa ndani yake ni wa kutamaniwa, na jicho lilisoma fremu kabla halijasoma neno. Mimi naona wahariri walikuwa na haki ya kuandika habari ile, ila walisahau lugha waliyoifundisha wenyewe.

Mfano wa furaha upo pia. Mwaka 1998 jarida la XXL liliwakusanya wasanii wa hip hop zaidi ya mia moja kwenye ngazi za nyumba moja ya Harlem, New York, na aliyeshika kamera alikuwa Gordon Parks, akiwa na miaka 85. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Art Kane alikuwa amewapiga picha hapo wanamuziki 57 wa jazi mwaka 1958 kwa ajili ya jarida la Esquire. Kijana aliyelinunua XXL alitafuta uso wa msanii wake katika umati. Mzazi wake, kama alikuwa na sikio la jazi, alitambua ngazi. Ni nadra jalada kuwakaribisha wawili bila kuwachosha wote, na hapa liliweza kwa sababu halikuchanganya lugha mbili mbele. Ile ya pili iliwekwa nyuma, mawe matupu, kwa anayejua.

Jambo dogo kuhusu jina la jarida: ukiona kichwa cha msanii kimefunika nusu ya herufi, ujue wenye jarida wana uhakika unawatambua kwa kipande tu. Jarida changa halithubutu. Na maneno muhimu huwekwa juu na kushoto, kwa kuwa kwenye rafu nyingi majarida hulaliana na sehemu hiyo ndiyo inayobaki wazi.

Basi nini kinatokea jalada lisipohitaji tena kumchagua mtu? NME, jarida la muziki la Uingereza lililoanza 1952, liliacha kuuzwa Septemba 2015 likaanza kugawiwa bure, nakala zaidi ya 300,000 kwa wiki. Toleo la kwanza la bure lilimweka Rihanna, nyota wa pop anayejulikana na kila mtu. Kwa hesabu ilikuwa busara, kwa kuwa ilitakiwa mtu anayepewa jarida mkononi akielekea kazini asilikatae. Lakini jalada linaloombwa lisimfukuze yeyote linamnyima msomaji wa zamani sababu ya kulionyesha. Machi 2018 toleo la karatasi la kila wiki likasimama. Mambo ya fedha na intaneti yalichangia zaidi kuliko majalada, sitaki kumdanganya mtu, ila kama fundi wa kazi hii niliona lile jina likipoteza makali wiki baada ya wiki.

Kwenye simu kazi imebadilika kidogo tu. Jalada limekuwa kijipicha cha ukubwa wa ukucha, maneno yamekufa, uso umekua, rangi moja inatosha. Sihitaji tena kurudi nyuma hatua nne, kwani skrini imenirudisha hatua ishirini. Bado natumia sakafu.

Sasa hivi lipo moja pale chini. Mwimbaji wa kike, jarida la watu wanaopenda vifaa na sauti safi. Mhariri alitaka picha anayocheka. Nimeweka ile aliyovaa spika za masikioni, ametazama sakafu, vidole vimeshika waya. Nywele zimekula herufi mbili za jina. Mwanangu wa miaka kumi na mitano amepita, akalitazama, akasema ni la wazee. Limekwenda kwa mchapaji mchana huu.