Mkanda mwekundu wa mieleka ya wanawake Japani: mnayoniambia jimu na ukweli wenyewe

Jana tena. Mteja kamaliza raundi, kakaa kwenye mkeka anahema, ananionyesha klipu ya mwanamieleka Saya Kamitani na ule mkanda mwekundu wa ubingwa wa Stardom, kampuni ya mieleka ya wanawake Japani, halafu ananiambia, kocha hawa si wamepangiana tu, mkanda anapewa yeyote na hakuna anayeumia. Nimelisikia hilo mpaka nimechoka, sasa naandika mara moja niwe nawatumia.

Kwanza hilo la kupangwa. Ndiyo, mshindi anapangwa, hakuna anayebisha. Ila kilichopangwa ni nani atashinda, jinsi mwili utakavyofika chini hakuna awezaye kuipanga. Chini ya lile turubai kuna mbao na sponji nyembamba, basi, na mtu akirushwa kutoka juu ya kamba uzito wote anaupokea yeye mwenyewe kwa mgongo na shingo. Tarehe 24 Septemba 2017 Mayu Iwatani alikuwa bingwa, anautetea mkanda huo huo mwekundu dhidi ya Toni Storm, pambano halijafika popote kiwiko kikachomoka, refa akasimamisha, Storm akaondoka na mkanda. Kiwiko kile nani alikipanga? 2023 Tam Nakano akaumia goti, akauachia mkanda bila hata kupigwa, ikabidi Maika na Suzu Suzuki waugombee Desemba 29 na Maika akaubeba. Na tukirudi nyuma zaidi, Agosti 1997 mwanamieleka Plum Mariko alinyanyuliwa akabamizwa chini kwa mgongo (powerbomb) ulingoni kule Hiroshima, hakuamka, kesho yake akafariki, ana miaka 29. Kwa hiyo ukiniambia hakuna anayeumia mimi siwezi kunyamaza.

Ndo maana kwangu mtu harushwi kabla hajajua kuanguka, na nitarudia mpaka mnichukie: SHINGO. Kidevu kifuani, pumzi itoke, mikono ipige mkeka, mgongo wa juu ufike kwanza. Japani wanaiita ukemi na mwanafunzi anaanguka tena na tena kabla ya kupewa pambano lolote. Nyie wiki ya pili tu mnataka suplex, ile ya kumnyanyua mtu na kumrusha nyuma.

Na hilo la "anapewa yeyote" nalo hapana. Bingwa ndo anafunga shoo, tiketi zinauzwa kwa jina lake, kampuni haiwezi kumkabidhi mtu asiyeweza kulibeba pambano la dakika 20 au 30 bila kumvunja mwenzake. Angalieni ule mkanda mwekundu wa zamani, uitwao WWWA, wa Zenjo, kampuni ya zamani ya mieleka ya wanawake Japani, Bull Nakano aliushika kuanzia Januari 1990 mpaka Novemba 1992, akapokonywa na Aja Kong ambaye naye akakaa nao mpaka Machi 1995 kwa Manami Toyota. Yaani miaka mitano watu wawili tu! Huyo Bull ndo yule wa Novemba 1990, alipanda juu kabisa ya kizimba cha chuma akamrukia Aja na mguu, itafuteni video yake muitazame mpaka mwisho kabla ya kuniletea habari za maigizo.

Hapo hapo kuna wanaodhani mkanda wa WWWA na wa Stardom ni mmoja. Siyo. Zenjo ilifungwa 2005, wa Stardom umeanza 2011 na bingwa wa kwanza alikuwa Nanae Takahashi. Rangi tu ndo zimerithiwa, mwekundu ndo mkuu na mweupe unafuata.

Wageni hawapewi mkanda wa Stardom? Toni Storm nimeshamtaja, 2019 akaubeba Bea Priestley, wote wawili si Wajapani.

Mkanda wa IWGP wa wanawake nao mnauchanganya na huu kila siku, ule ni wa New Japan, kampuni nyingine ya mieleka ya Japani, umeanza 2022 na Kairi, ukaenda kwa Mercedes Moné kule San Jose, Marekani, Februari 2023, Iwatani akaurudisha Japani Aprili. Unatetewa sana kwenye shoo za Stardom ila siyo mkanda wao.

Halafu eti wanawake wa Japani walikuwa wanaacha mapema kwa sababu mwili unachoka. Siyo mwili, Zenjo ilikuwa na desturi yake, ukifika miaka 25 unaondoka, hata uwe kwenye kilele. Chigusa Nagayo aliagwa 1989 ana miaka 24, akarudi 1993, akaanzisha kampuni yake mwenyewe, GAEA Japan, na alipovuka miaka 50 bado alikuwa anapanda ulingoni.